Mkate, Posho na Picha: Juu ya Taswira za Chakula katika Historia ya Lubumbashi

1. Utangulizi

Wanahistoria wameuandika mji wa Lubumbashi kwa kalamu ya shaba. Tanuri la kuyeyushia madini, reli, kampuni, mgomo, kujitenga kwa Katanga, kutaifishwa kwa migodi: hayo ndiyo mambo yaliyojaza kurasa. Jiko limeachwa nje ya mlango. Hata hivyo, mji huu umelishwa kwa mpango, umenyimwa chakula kwa mpango, na mara nyingi umepigwa picha ukiwa unakula. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba taswira za chakula, yaani picha za kamera, michoro, michezo ya kuigiza na maandishi, ni chanzo kizuri cha historia ya Lubumbashi, ilimradi msomaji aulize maswali mawili: ni nani aliyeshika kamera, na ni nani aliyeshika mwiko?

Tumechagua mkate uwe mfano wetu mkuu. Sababu ni kwamba mkate wa ngano, tofauti na bukari, haukuzaliwa katika udongo wa Katanga. Ulikuja na watu, ukafundishwa na watu, ukakataliwa au kupokewa na watu. Kila hatua ya safari yake iliacha alama katika lugha ya Kiswahili ya mjini, na nyingine ziliacha alama katika picha.

2. Mji usiolima

Elisabethville, kama mji ulivyoitwa hadi 1966, ulianzishwa 1910, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka kusini. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa 1906, na shaba ya kwanza ilitoka katika tanuri la Lubumbashi mwaka 1911. Mamia, kisha maelfu ya wafanyakazi walikusanywa mahali ambapo wakulima wa jirani hawakuweza kuwalisha wote. Kwa hiyo reli iliyobeba mitambo ilibeba pia unga wa mahindi na ng'ombe kutoka Rhodesia. Tangu siku zake za mwanzo mji huu ulikula kilichotoka mbali.

Chakula kikawa sehemu ya mshahara. Mfanyakazi alipewa posho ya juma: unga, nyama au samaki, karanga, mafuta ya mawese, maharagwe, chumvi. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilipobadili siasa yake ya kazi na kuanza kuwaruhusu wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake zao, hesabu ya posho ikaingia hadi ndani ya nyumba: mke alikuwa na kipimo chake, na watoto kipimo chao. Athari ya utaratibu huu ilikuwa kubwa kiasi cha kuingia katika kalenda. Katika Kilingala neno *poso*, ambalo asili yake ni posho, maana yake ni juma. Na matumizi hayo yanasikika pia katika Kiswahili cha mjini Lubumbashi. Watu waliacha kupima siku kwa jua na soko, wakazipima kwa siku ya kupanga mstari mbele ya ghala.

Tukumbuke kwamba anayegawa chakula anagawa pia utii. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia gharama za maisha zilipanda, nayo madai ya mishahara yakazaa mgomo wa Desemba 1941. Tarehe 9 ya mwezi huo askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokusanyika, na makumi ya watu wakauawa. Aliyekuwa na ghala la unga alionyesha siku hiyo kwamba ana pia ghala la risasi.

3. Jiko la Mzungu na kitabu cha maboyi

Mkate wa ngano uliingia mjini kwa njia mbili: kwa waokaji wa Kizungu waliowauzia Wazungu wenzao, na kwa majiko ya nyumbani. Hii njia ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Katika nyumba ya Mzungu aliyesimama mbele ya tanuri alikuwa mpishi Mwafrika, mwanamume, aliyejulikana kwa jina lisilo na heshima la *boyi*. Ndiye aliyejifunza tabia ya hamira, joto la kuni, na dalili za donge lililoumuka. Alijua kwa mkono wake mambo ambayo vitabu vya upishi vya Ulaya havikuyaandika kwa ajili yake.

Maarifa hayo hayakuwa madogo. Lubumbashi iko juu ya uwanda wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko pwani. Maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na gesi ndani ya donge hutanuka upesi zaidi. Mkate ulioachwa uumuke kwa muda uliopangwa kwa ajili ya Antwerp huweza kupanda mno kisha ukaanguka. Lakini katika Juni na Julai, wakati wa kiangazi chenye baridi, donge hilo hilo hulala kimya usiku kucha, na hapana budi lisogezwe karibu na moto. Mpishi aliyetaka kuepuka karipio la asubuhi ilimpasa asahau maagizo na afuate majira. Huu tayari ni ubunifu, ijapokuwa hakuna aliyeuita hivyo.

Bahati njema ni kwamba watumishi hao walituachia maandishi. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, alitunga kwa Kiswahili cha mjini kitabu chenye jina la Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Jina hilo linapotosha, kwani si kamusi. Ni historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni na barazani. Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliichapisha 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, na Walter Schicho akaongeza maelezo ya isimu. Tahajia ya Yav haikufuata kanuni za Kiswahili sanifu, wala vituo haviko pale tunapovitazamia. Hata Fabian akakiri kwamba ilibidi matini yasomwe kwa sauti ndipo yaeleweke. Kwa wanafunzi wetu hili ni funzo la kwanza: kuna maandishi yanayosomwa kwa sikio.

Funzo la pili ni la kihistoria. Yav anazungumza kwa niaba ya watu waliowatazama mabwana wakila. Mtumishi anayeleta sahani mezani husikia yale ambayo hayaandikwi katika barua za serikali. Humo mnatajwa pia *batumbula*, wale watu wa usiku walioogopwa kwamba huwakamata Waafrika ili waliwe. Msomaji wa haraka angesema huo ni ushirikina. Luise White, katika kitabu chake cha 2000 juu ya uvumi wa wanyonyadamu katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, ametufundisha kuuchukua uvumi kama huo kwa uzito: ni namna ya watu kueleza kile ambacho ukoloni uliwafanyia. Katika mji ambamo kampuni ilipima chakula cha kila kinywa, si ajabu watu walijiuliza ni nani hasa anayemla mwenziwe.

4. Picha za walioshiba

Tugeukie sasa kamera. Kampuni na serikali ya kikoloni zilipiga picha nyingi. Baada ya Vita vya Pili idara ya habari ya Kongo ya Kibelgiji, kwa jina la Congopresse, ilikuwa na wapiga picha wa kudumu, miongoni mwao Henri Goldstein na Carlo Lamote, na baadaye Joseph Makula, Mkongo. Kazi ya picha hizo ilikuwa kuonyesha ulimwengu kwamba koloni linatunzwa vizuri. Kwa hiyo twaona ugawaji wa chakula, akina mama na watoto kliniki, na familia za wale walioitwa *évolués* zikikaa mezani kwa nguo safi.

Jambo moja katika picha za namna hii linahitaji kuangaliwa kwa makini. Picha ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, haina huruma kwa chakula. Sombe iliyopikwa kwa mawese, yenye kijani na wekundu wake, huonekana kama tope. Bukari hubaki doa jeupe. Mpiga picha akilazimika kuonyesha shibe, hataweza kuionyesha kwenye sahani. Ataionyesha kwenye uso wa mlaji, kwenye kitambaa cha meza, kwenye mpangilio wa vikombe. Mkate, hata hivyo, hupokea mwanga vizuri: una ganda, una kivuli, una umbo linalotambulika mara moja na mtazamaji wa Brussels. Naona kwamba hii ni sababu mojawapo, iliyo nje ya siasa, inayomfanya mpiga picha apendelee mkate kuliko bukari. Lakini sababu ya kifundi ikikutana na sababu ya kisiasa, zote mbili husema sentensi moja: huyu anakula kama sisi, basi tumemstaarabisha.

Nini hakionekani? Haionekani safari ya unga. Hauonekani mkono wa mpishi, ila mara chache pembeni. Hauonekani mstari wa ghalani siku ambayo unga umechelewa. Ndiyo maana mwanahistoria asiichukue picha ya shibe kama ushahidi wa shibe. Ni ushahidi kwamba kulikuwa na mtu aliyetaka shibe ionekane.

5. Kutoka *foyer* hadi mbabula

Ikiwa wanaume walijifunza mkate katika nyumba za Wazungu, wake wa wafanyakazi walifundishwa katika vituo vya jamii vilivyoitwa *foyers sociaux*. Humo walifundishwa kushona, kupiga pasi, kutunza watoto na kupika. Nia ya waasisi ilikuwa kutengeneza mke wa nyumbani kwa mfano wa Ubelgiji. Hawakuwa na nia ya kumtengeneza mfanyabiashara. Lakini elimu ni kama hamira: ukishaichanganya na unga huwezi kuitoa tena, wala huwezi kuiamuru ipande upande mmoja tu.

Union Minière ilitaifishwa Januari 1967, na kampuni iliyoirithi, Gécamines, iliendelea kuwa baba wa wafanyakazi wake: ilitoa unga, shule na hospitali. Baba huyo alidhoofika. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. 1991 miji ilikumbwa na uporaji. 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi kutoka Shaba, kama mkoa ulivyoitwa kati ya 1971 na 1997. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikiita kitabu chake cha 2001 kwa jina linaloeleza yote: wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Baba alipoondoka, mama ndiye aliyelisha nyumba. Wengi waliuza barabarani na katika masoko kama la Kenya kile walichokijua: unga, mboga, makala, samaki wakavu, maandazi, na keki, au *gato* kama wasemavyo wengi kwa kufuata Kifaransa. Tanuri la umeme halikuwamo, au lilikuwamo bila umeme. Likazaliwa upya tanuri lisilo tanuri: sufuria nzito juu ya mbabula, mchanga au mawe madogo chini yake ndani, bati la keki juu ya mchanga, kifuniko, na makaa juu ya kifuniko. Ufundi wote uko katika kugawa makaa. Yakizidi chini, keki huungua tako kabla uso haujakauka. Yakizidi juu, uso hufunga upesi na katikati hupasuka. Mwokaji hana kipimajoto. Hutumia kiganja chake juu ya kifuniko na pua yake.

Hapo pia ndipo mahindi na ngano zilipopambana. Unga wa ngano huagizwa kutoka mbali na bei yake hufuata ile ya dola. Unga wa mahindi uko karibu zaidi. Lakini unga wa mahindi hauna ile protini ya ngano inayofanya utando wa kunata na kuibana gesi ya hamira. Donge la mahindi matupu haliumuki, hubomoka. Mwokaji mwenye akili huchanganya kwa kipimo kinachoacha utando uendelee kushika, au hutumia mayai na magadi kuchukua nafasi ya hamira. Kila kipimo cha namna hiyo ni waraka wa kiuchumi: ukijua sehemu ya mahindi katika keki ya mwaka fulani, umejua kitu kuhusu forodha, reli na thamani ya fedha mwaka huo.

Lugha nayo ilibadilika. Pwani ya Afrika Mashariki neno mkate lilikuwa pana tangu zamani: kuna mkate wa kumimina, mkate wa maji, mkate wa mofa, na si lazima uwe wa ngano wala wa tanuri. Kinshasa, katika Kilingala, *mikate* ni vidonge vya unga vilivyokaangwa katika mafuta. Neno moja limebeba vyakula vitatu kwa kufuata njia za biashara na za kazi. Mwanaisimu anayekusanya majina haya hufanya pia kazi ya mwanahistoria.

6. Wasanii mezani

Picha za kampuni hazikubaki bila jibu. Mnamo 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Fabian historia nzima ya Zaire kwa picha mia moja hivi, akazieleza kwa Kiswahili. Mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière yamo. Kazi hiyo ilichapishwa 1996. Kabla ya hapo, 1976, Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walikuwa wameonyesha kwamba wanunuzi wa michoro ya mjini walikuwa na neno lao la kuieleza: *ukumbusho*. Mchoro uliotundikwa sebuleni, juu ya meza ya chakula, haukuwa pambo tu. Uliwafanya wanaokula wazungumze juu ya yaliyopita.

Mfano wa pili ni wa jukwaani. Mwaka 1986, akiwa Lubumbashi, Fabian alikutana na msemo uliozuka katika mlo, kwa sababu ya firigisi ya kuku: kwamba madaraka huliwa mazima. Kundi la maigizo la Mufwankolo likauchukua msemo huo likatunga mchezo. Fabian alirekodi hatua zake, tangu mazungumzo ya kwanza juu ya maana, kupitia mazoezi, hadi upigaji wa filamu ya televisheni kijijini Kawama, na kitabu kikatoka 1990. Hakukuwa na matini yaliyoandikwa kabla. Waigizaji walikubaliana mwendo wa hadithi, na maneno yakazaliwa katika mazoezi. Kwa somo letu jambo hili ni la thamani kubwa, kwani ni nadra kuona kipande cha kuku kikigeuka mchezo wa kuigiza hatua kwa hatua. Na swali la mchezo ni lile lile la posho: je, chakula kinaweza kugawanywa, au mkubwa atakimeza chote?

Wa tatu ni Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi 1978. Katika mfululizo wake *Mémoire* wa 2006 aliwachukua wafanyakazi na mabwana wa picha za zamani za kumbukumbu akawasimamisha ndani ya magofu ya leo ya Gécamines. Mtu yuleyule aliyepigwa picha ili kuthibitisha ustawi sasa anasimama mbele ya ustawi uliooza. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha kituo cha sanaa kilichochagua neno letu la kawaida kabisa kuwa jina lake: Picha. Kitendo cha Baloji si kukanusha picha za kampuni. Ni kuzilazimisha zikae pamoja na kile zilichokiacha nje.

7. Keki mbele ya simu

Leo mwokaji wa nyumbani anaweza kuwa mpiga picha wake mwenyewe. Keki ya arusi au ya ubatizo huokwa, hupambwa, hupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa wateja kabla ya kukatwa. Umeme ukikatika, picha hungoja asubuhi. Mwokaji huisogeza keki karibu na dirisha au chini ya kivuli cha baraza, kwa kuwa jua la wazi la kiangazi huifuta sukari nyeupe na kuacha mng'ao mtupu. Mbabula, moshi na sufuria iliyoungua husogezwa nje ya fremu. Tunaona tena, kwa mkono mwingine, uamuzi ule ule wa Congopresse: nini kionekane na nini kifichwe.

Je, basi historia imejirudia? Sidhani. Wakati wa kampuni aliyepika hakuwa na picha, na aliyepiga picha hakupika. Sasa mkono mmoja umeshika mwiko na kamera. Anayeificha mbabula yake haifichi kwa amri ya bwana. Anaificha kwa sababu anauza, na anajua bei ya kila kilo ya ngano iliyomo. Lakini iko hasara. Picha ya keki kamilifu haisemi neno juu ya makaa, mchanga na kiganja juu ya kifuniko. Bibi aliyebuni njia hiyo katika miaka ya shida akifariki, picha za wajukuu wake hazitatuambia aliwezaje.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, katika Lubumbashi chakula kilikuwa chombo cha utawala kabla ya kuwa mapishi, na lugha imehifadhi ushahidi huo katika neno poso. Pili, picha ya chakula husomwa kwa kile ilichokiacha nje sawasawa na kile ilichokionyesha. Tatu, ubunifu wa mwokaji na ubunifu wa msanii ni wa ukoo mmoja: wote hufanya kitu kamili kutokana na vifaa pungufu.

Kazi iliyobaki ni yetu sisi wa vyuo. Watumishi wa 1965 hawakungoja mtafiti. Walijiandikia wenyewe historia yao kwa Kiswahili chao. Waokaji wa mbabula bado hawajaandikiwa. Wengi wao wamezeeka. Mwanafunzi atakayekaa nao jikoni, akayaandika majina ya vipimo na dalili za moto kama wanavyoyatamka wenyewe bila kuyasahihisha, atakuwa ameongeza sura katika kitabu kilichoanzwa na Yav. Na afanye hivyo kabla makaa hayajapoa.